Mashati ya Madiwani

Mvumilivu hula maganda. Mbivu huliwa na wale waliokaa pembeni wakimsifu kwa uvumilivu wake.

Fikra hiyo ilinijia nikiwa nimesimama mbele ya picha moja katika chumba cha nyuma cha makumbusho ya mji wetu, siku nilipoanza kazi. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Wanawake wamejipanga mbele ya mlango wa ukumbi wa halmashauri, kila mmoja na furushi jeupe, wengine wamejitwika kichwani, wengine wamelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mlangoni amesimama Mwenyekiti wa wakati ule, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, uso umekazwa kama mtu anayeng'olewa jino. Chini ya picha palikuwa na karatasi iliyogeuka rangi kwa uzee: "Akina mama wenye subira wakimpelekea Mwenyekiti zawadi za shukrani kwa kuwapa haki ya kupiga kura."

Kila mtoto aliyesoma shule mjini kwetu ameletwa mbele ya karatasi hiyo akaambiwa ainakili. Ndivyo tulivyokua, tukijua kwamba kura ya mwanamke ilipatikana kwa subira, ikalipwa kwa zawadi.

Mimi nina stashahada ya utunzaji wa nyaraka. Nilikuwa nimepewa mkataba wa muda ili niandae maonyesho ya miaka hamsini tangu wanawake waanze kuwapigia kura madiwani. Mkurugenzi wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tulimwita Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona shingo yake tupu, alinikalisha akanieleza kwamba historia yenyewe ilishaandikwa, mimi nipambe tu. Wanawake waliomba kwa adabu, wakangoja kwa adabu, Mwenyekiti akawaonea huruma, akawapa. Mgeni rasmi angekuwa mtoto wa marehemu Mwenyekiti, ambaye sasa naye ni Mheshimiwa, na ambaye familia yake ndiyo iliyotuwekea paa jipya. Nikamuuliza, hiyo haki Mwenyekiti alikuwa ameihifadhi wapi kabla ya kuwapa. Alicheka kile kicheko cha mtu anayekuwekea kiporo.

Nikaanza kuchimba. Nilifunua magazeti ya zamani mpaka pua ikaziba kwa vumbi, na kila gazeti lilinipa Mwenyekiti yuleyule mwenye huruma. Wanawake walitajwa kwa wingi, kama mvua: walifurahi, walishangilia, walipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyesema neno lenye maana. Nikakata tamaa ya magazeti, nikarudi kwenye picha. Niliiweka kwenye mashine ili ikuzwe kujaza ukuta mzima, na ilipotanuka kwenye kompyuta, sura za wanawake wale zikasogea karibu, na mafurushi yao pia.

Hapo mkono wangu ukasimama.

Nimezaliwa kwenye udobi. Bibi yangu alikuwa dobi, mama yangu ni dobi mpaka leo, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kupanga nguo za wateja. Nguo safi haifungwi fundo. Shati lililotiwa wanga na kupigwa pasi hukunjwa, kola juu, kifua mbele, likalazwa taratibu. Ukilifunga, umeiua kazi yako mwenyewe. Kinachofungwa ni uchafu. Unachukua shati moja la mteja, unalitandaza, unarundika nguo zake nyingine juu yake, kisha unafunga furushi kwa mikono ya shati lilelile, ili mzigo wa mtu usichanganyike na wa jirani yake. Fundo la mikono lina maana moja kwa dobi yeyote: hizi bado hazijaonja maji.

Na pale mbele yangu, kila furushi lilikuwa limefungwa kwa mikono ya shati. Vifungo vya mikononi vilionekana, vinaning'inia.

Sidhani kama aliyeandika yale maelezo alikusudia kudanganya. Alikuwa mtu ambaye nguo zake hutoka nyumbani chafu na kurudi safi, na katikati hajui kunatokea nini. Aliona kitu cheupe mikononi mwa mwanamke, akasema zawadi. Lakini mimi sijaona duniani mtu anayepeleka shukrani kwa furushi la nguo chafu.

Nilitoa nakala ya picha, nikaondoka nayo nyumbani.

Bibi alikuwa kwenye meza yake ndefu karibu na mlango. Maji aliyaacha siku nyingi kwa sababu ya mifupa, ila pasi haijamtoka mkononi. Kola hamwachii mtu yeyote, hata mama yangu. Kati yangu na yeye utani hauna mipaka. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenzake, kwa madai kwamba marehemu babu tulikuwa tunachangia.

Aliponiona akauliza, "Mke mwenza, mbona mapema? Wameshakufukuza?"

Nikamwambia bado, ila wanaweza kuanza. Nikaiweka picha mezani, nikamsomea maelezo yake. Kwanza aliisogeza pasi, akaisimamisha wima, akajifuta mikono, ndipo akainama. Akaitazama kwa muda. Mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hii si ile wiki ya mashati?"

Wiki ya mashati tuliijua sote nyumbani kwetu. Ni kisa kilichotolewa kila mteja msumbufu alipotuudhi: jinsi madobi wa mji walivyowarudishia wakubwa nguo zao zikiwa chafu vilevile, na wakubwa wakatembea juani wamejifungia ndani ya makoti. Tulipokuwa watoto tuliigiza. Kaka yangu alivikwa koti la mama, akapigwa na joto mpaka akaomba maji, nasi tukagaagaa chini kwa kucheka. Lakini katika kisa hicho hapakuwa na neno kura. Sijawahi kulisikia.

Makumbusho walikuwa na kura bila mashati. Sisi nyumbani tulikuwa na mashati bila kura. Miaka hamsini vitu hivyo viwili vimekaa mji mmoja, havijaamkiana.

Nikamuuliza kwa nini hakutwambia. Akanijibu kwamba tulikuwa watoto, na mtoto unampa nyama, mfupa unabaki nao wewe. Kisha akanipa mfupa.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na kanuni: diwani haingii mkutanoni bila shati jeupe lililotiwa wanga na kunyooshwa. Waliitunga wenyewe, ili makuli na wachuuzi wasije wakajipenyeza humo. Siku moja ombi la wanawake la kupiga kura likasomwa ukumbini. Diwani mmoja akasimama akasema kura ya mwanamke ni sabuni, akaipigie kwenye karai. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nje, barazani, alikuwepo mdogo wake Bibi, ameleta mashati ya watu, anangoja kuitwa. Akasikia lile neno, na akasikia kicheko. Akarudi mbio mpaka penye makarai akawasimulia wenzake.

Hawakulia wala hawakutukana. Walikubaliana kwamba sawa, kama kura yao ni sabuni, basi leo sabuni imepiga kura ya hapana. Wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya mafurushi kama kawaida yao. Siku ya mkutano wakayapeleka mpaka mlangoni mwa ukumbi, mafundo yaleyale, uchafu uleule.

Madiwani wakayabeba mafurushi kuwapelekea wake zao. Wake nao walishasikia lile neno la sabuni. Mmoja akaumwa mgongo ghafla. Mwingine akamwambia mumewe kwamba yeye aliolewa, hakuajiriwa. Mwenyekiti akajaribu kufua na kupiga pasi mwenyewe, akaunguza shati kifuani, alama ya pasi ikakaa pale kama nishani. Mkutano ukavunjika kwa kukosa akidi. Wa pili nao ukavunjika: madiwani waliwarudishia madobi mafurushi, nao wakayaleta tena mlangoni, na picha hii ni ya siku hiyo. Wangeweza kuifuta kanuni yao, lakini kuifuta kulihitaji mkutano, na mkutano ulihitaji mashati. Mwishowe ilibidi wawaite wanawake wazungumze nao uwanjani, wamesimama, makoti yamefungwa, jasho linawatiririka. Mkutano wa kwanza waliofanikiwa kuukaa, wakiwa na mashati meupe pe, ndio uliopitisha kura.

"Unaliona koti hili?" Bibi akamgonga Mwenyekiti kwa kucha. "Ndani hakuna kitu. Ni kifua na aibu."

Kisha kidole chake kikahama, kikaenda kwa mwanamke wa mwisho kulia, mdogo kwa umbo, ambaye peke yake alikuwa anamtazama mpiga picha machoni. Kicheko kikaisha. Huyo ndiye mdogo wake, yule aliyesikia barazani. Mume wake alikuwa karani wa halmashauri, na furushi alilobeba lilikuwa na mashati ya mumewe pia. Mume alimwacha wiki hiyohiyo. Aliporudi kwa kaka zake wakamwambia amejitakia, kiburi chake kimemponza, na jina likamganda. Sisi wajukuu tulimkuta akiitwa Bibi Kiburi, tukadhani ni utani tu kama utani mwingine wa nyumbani kwetu. Alikufa na jina hilo.

Bibi hakupandisha sauti. "Mdogo wangu aliachwa kwa furushi hilo. Halafu mnaandika kwamba alikuwa anashukuru?"

Nikasema si mimi niliyeandika.

"Sasa hivi kalamu anayo nani?"

Nilirudi kazini nikayafungua tena mafaili ya mikutano ambayo nilikuwa nimeyapitia juujuu. Humo mikutano ya wakati ule imeandikwa kuwa imeahirishwa "kutokana na mavazi." Mara ya kwanza nilidhani karani amekosea kupiga chapa. Sasa nikamwelewa karani yule vizuri kuliko alivyopenda.

Nikampelekea Tai kila kitu: picha iliyokuzwa, mafundo, koti, mikutano iliyokwama, na ushahidi wa mtu aliye hai. Alisikiliza huku akinyoosha tai yake. Akauliza kama kweli nataka kubadilisha historia ya mji kwa sababu ya mikono ya mashati. Nikasema ndiyo, hasa kwa sababu hiyo. Akauliza shahidi wangu ni nani. Nilipotaja kuwa ni bibi yangu mzaa mama, mmoja wa waliobeba mafurushi yale, akatabasamu kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi, akasema mwamba ngoma huvutia kwake.

"Ni kweli," nikamjibu, "na hii ngoma familia ya Mwenyekiti imeivutia kwao miaka hamsini. Mimi naomba zamu."

Tabasamu likaondoka. Akaniambia maelezo yatabaki yalivyo. Ila kwa kuwa bibi yangu ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wale wanawake, itapendeza sana akialikwa kumkabidhi Mheshimiwa shada la maua, aendeleze zile shukrani.

Jioni nilimweleza Bibi kuhusu mwaliko huo nikitegemea atanifukuza na pasi ya moto. Alimalizia kola aliyokuwa nayo, akaigeuza, akaikagua. Akasema atakwenda, kwani kuwapelekea wale watu mizigo ni kazi aliyoizoea. Kisha akaniambia neno ambalo nililala nalo.

"Nguo zao nilifua. Historia yao sifui."

Mabango ya maelezo nilikuwa nayakata na kuyabandika mwenyewe, kwenye meza ya karakana nyuma ya stoo. La picha ile nililitengeneza kwa mkono uliotulia. Asubuhi ya ufunguzi nililing'oa la zamani nikabandika langu, kisha picha na bango vikafunikwa kwa kitambaa chekundu kama ilivyopangwa. Sikunyata. Lile la zamani nililiweka mezani kwa Tai, juu ya faili lake, mahali ambapo angeliona kama angepitia ofisini. Hakupita. Alikuwa getini tangu mapema, anapanga upya mstari wa kumpokea mgeni.

Ukumbi ulijaa. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa na chupa za maji. Vya nyuma vilikuwa vya plastiki, na huko ndiko walikokaa mama yangu na madobi wenzake, mikono yao mapajani, wamevaa nguo zilizonyooka kuliko za mtu yeyote aliyekaa mbele. Bibi alipewa kiti karibu na picha, na shada la maua.

Mheshimiwa ni mtu mzima sasa, mpole wa kuongea. Maisha yake yote amewekewa karatasi mbele naye akaisoma, na hajawahi kupata sababu ya kuihofia. Akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Akavaa miwani, akaisogelea picha, akachukua kipaza sauti, na kwa sauti ileile ya hotuba akaanza kutusomea bango langu.

"Madobi wa mji wakiwarudishia madiwani mashati machafu. Waligoma kuyafua kwa sababu diwani mmoja alisema kura ya mwanamke ni sabuni. Walipoanza kufua tena, wanawake walikuwa na kura. Mlangoni ni Mwenyekiti, amevaa koti bila shati…"

Hapo masikio yake yakaufikia mdomo wake. Akashusha kipaza sauti. Ilibaki sentensi moja tu, inayosema kwamba wa mwisho kulia aliachwa na mumewe kwa kubeba furushi hilo, na kwamba hakuwa anashukuru. Hiyo hakuisoma, lakini watu walikuwa wanaisoma wenyewe, ukutani.

 Kisha nyuma, kwenye viti vya plastiki, mtu mmoja akacheka. Ninakijua kicheko hicho, kimenilea. Wakafuata wenzake, mpaka ukuta ukarudisha mwangwi. Tai alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena, akamwashiria Bibi alete maua haraka. Mheshimiwa naye akamgeukia na mikono imeshatangulia.

Bibi aliyatazama maua, akamtazama yeye. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba maua hayo amepewa yeye, anakwenda nayo nyumbani.

Mheshimiwa akauliza bango limeandikwa na nani. Tai akawa anatafuta kitu kwenye dari. Nikasema ni mimi.

Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya bodi. Chumba kilikuwa na meza ndefu iliyong'arishwa mpaka unajiona, feni inayozunguka bila kuleta upepo, na wanaume waliokaa upande mmoja, Mheshimiwa katikati yao, Tai pembeni. Mimi nilipewa kiti upande wa pili, peke yangu. Bango langu lilikuwa katikati ya meza, limebanduliwa vibaya, pembe moja imechanika.

Nilidhani wataniambia ni uongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina mafaili magotini. Lakini Mheshimiwa aliwaomba wenzake wamwachie aseme, na akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, akasema, ila anaikumbuka siku yenyewe. Mama yake alilala ameelekea ukutani, anaumwa mgongo. Baba yake akawa anahangaika na pasi jikoni, nyumba nzima ikanuka nguo iliyoungua, mwishowe akavaa koti juu ya kifua kitupu akatoka. Mlango ulipofungwa tu, mama akaamka akaingia jikoni, akapika huku anaimba.

"Kwa hiyo sikatai, binti yangu," akasema. "Ila ukweli nao una mahali pake. Si mbele ya watu. Umemvua baba yangu nguo hadharani."

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mimi nimemkuta tayari hana shati.

Mmoja wa wajumbe akakohoa kuficha kicheko. Tai hakucheka. Alinisukumia karatasi iliyokwisha kuchapwa, na kalamu juu yake. Ilikuwa ni barua yangu ya kuomba radhi, wamenisaidia kuiandika. Ilisema kwamba nimemdhalilisha marehemu, nimepotosha umma, na kwamba ninaomba maelezo ya awali yarudishwe. Nikitia saini, akasema, bodi iko tayari kuutazama mkataba wangu kwa jicho jema. Kuna nafasi ya kudumu, na yeye mwenyewe angenipendekeza.

Sitasema kwamba sikuitaka nafasi hiyo. Niliitaka. Nimeiona mikono ya mama yangu, ngozi imepasuka vidoleni kwa sabuni, na nilisomeshwa kwa mikono hiyo ili mimi nikae kwenye meza kama ile. Niliisoma barua yote, mstari kwa mstari. Nikawauliza ni neno gani kwenye bango langu lililo la uongo, wanionyeshe, nilifute hapohapo mbele yao.   Mjumbe mmoja akalivuta bango akalisoma tena kama anayelisoma mara ya kwanza, kisha akalirudisha pale lilipokuwa.

Tai akasema suala si uongo wala ukweli, suala ni adabu. Mwanamke wa kuandika vile mbele ya mgeni, amelelewa wapi. Nikamjibu nimelelewa kwenye udobi, na adabu ya kwetu ni kwamba uchafu wa mtu unarudishwa kwa mwenyewe, hautupwi kwa jirani. Miaka hamsini wamemtupia mwanamke mmoja aliyekwisha kufa. Walimwita mwenye kiburi akiwa hai, na alipokufa wakamwita mwenye shukrani, na mara zote mbili hakuna aliyemuuliza. Kama kuna mtu anadaiwa radhi, hayupo upande wao wa meza.

Mheshimiwa akavua miwani. Aliongea taratibu, karibu kwa kunibembeleza, kama baba anayeongea na mtoto wake mwenyewe. Akasema haombi mengi. Barua si lazima. Neno moja tu la mdomo, hapahapa, kati yetu, nao watayamaliza.

Nilisimama. Karatasi niliirudisha kwa Tai bila saini, nikachukua bango langu na pembe yake iliyochanika.

"Shikamoo, baba," nikamwambia Mheshimiwa. "Neno hilo sina. Siombi radhi."